Vitabu vitano juu ya kiti

Ukitaka kuniudhi, mwambie mtu mwenye goti bovu akae apumzike. Mimi niliambiwa hivyo na karibu kila anayenipenda, nikatii wiki 7, na nusura nishindwe kutembea kabisa. Leo nina miaka 58, natembea mwendo wa haraka dakika 70 mara nne kwa wiki, na goti ni lile lile lililopigwa picha likaonekana limesagika. Sijabadilishiwa kitu.

Goti la kulia lilianza na mkwaruzo nikishuka ngazi, kisha ugumu wa asubuhi unaoachia baada ya dakika 10 hivi, kisha uvimbe wa jioni. Eksirei ilionyesha nafasi kati ya mifupa imepungua. Basi kila mtu akawa na la kusema. Ute umekauka. Mifupa inasagana. Kila hatua unazidi kulimaliza. Shangazi yangu alinikataza hata kuchuchumaa kuokota kitu: "Mwanangu, goti ni kama kiatu, ukikivaa kila siku soli inakwisha." Nilimwamini, maana alisema kwa huruma. Nikanunua na vile vidonge vya kurudisha ute, makopo sikumbuki mangapi, ila hela ile ingenipatia baiskeli nzuri na nyingine ikabaki. Sikuona tofauti yoyote.

Nikakaa. Mguu juu ya mto, siku nzima. Wiki ya kwanza maumivu yalipungua kweli, na hapo ndipo nilipodanganyika. Kufika wiki ya nne goti lilikuwa kama bawaba iliyoshika kutu, na wiki ya saba nikashindwa kunyanyuka kwenye kochi mpaka binti yangu akanishika mikono yote miwili. Usiku ule nilichukua futi ya kushonea nikapima mapaja, sentimita 15 juu ya pia ya goti. La kulia lilikuwa limepungua sentimita 3. Nyama ilikuwa imeyeyuka pale pale nilipokuwa nimeketi, na mimi nikidhani najitibu.

Kwa hasira nikaruka upande wa pili, na kosa hili la pili nataka lisomwe vizuri, kwa sababu nimeona wengi wakilifanya. Nilikuwa na vidonge vya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, nilivyoandikiwa kwa siku chache. Nikameza asubuhi, tumbo tupu, nikangoja kama saa moja, goti likanyamaza kimya. Nikavaa viatu, nikaenda kilomita 8 kama zamani. Sijui niseme nini kuhusu asubuhi ile; nilitembea machozi yakinilengalenga kwa furaha. Nikarudia kesho yake, na keshokutwa. Siku ya tatu jioni goti lilijaa maji mpaka pia yake haikuonekana, ngozi imekaza inang'aa, na tumbo nalo likaanza kuwaka moto. Daktari hakunificha. Dawa za jamii ile, pamoja na ibuprofeni, zinaweza kuleta vidonda tumboni, kuumiza figo na kupandisha presha, hasa zikimezwa muda mrefu au bila mpango. Tena, maumivu yakizimwa, mzigo haupungui. Kinachozimwa ni kengele tu. Akanibadilishia ya kupaka, jeli ya diklofenaki, ambayo ni kidogo sana inayoingia kwenye damu. Mpaka leo ndiyo ninayotumia, na si kila siku.

Kilichonifungua macho ni kijana mmoja wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi. Alikuwa ameagiza magoti yote mawili yapigwe picha nikiwa nimesimama. Akaziweka kwenye taa, bega kwa bega.

"Mama, hili la kushoto nalo limesagika, karibu sawa na la kulia. Linauma?"

"Haliumi hata kidogo."

"Basi picha peke yake haisemi yote."

Akanieleza kwamba gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu. Chakula chake kinatoka kwenye ute wa kiungo, na ute huo huingia na kutoka gegedu linapobanwa na kuachiwa, kama sifongo. Anayekaa anaisimamisha kazi hiyo. Na msuli wa mbele wa paja ndio unaosaidia kupokea kishindo cha kila hatua. Ukinyauka, kishindo kingi zaidi kinaishia kwenye goti. Nilitoka pale nimekasirika kwa zile wiki 7, lakini pia nimepata nguvu.

Zoezi alilonipa lilikuwa dogo mno: kukaa kwenye kiti na kusimama, bila mikono. Nikashindwa. Kiti kilikuwa chini mno kwa paja langu. Akasema nitafute kitu cha kukiinua, na hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi ninayojivunia. Nilichukua vitabu vitano vinene, nikavipanga kwenye kiti cha mbao kilichosukumwa ukutani. Siku ya kwanza viliteleza nikaponea chupuchupu, basi nikavifunga kwa kamba kama mzigo wa kuni na kuweka taulo juu. Kutoka kule juu nikasimama bila kushika kitu! Mara 8, napumzika, mara 8 tena, siku moja ndiyo, moja hapana. Kushuka nilikuwa nahesabu hadi nne polepole, maana kule kushuka nako kunajenga. Nilipoweza mara 15 bila kutetemeka, natoa kitabu kimoja. Kitabu cha kwanza kilitoka baada ya siku 12. Cha tatu kilinichukua karibu mwezi mzima, nikakata tamaa mara mbili, na yule kijana akaniambia nisikimbilie. Cha tano kilitoka nikiwa kwenye mwezi wa tano wa zoezi.

Maumivu yalikuwepo, tusidanganyane. Kanuni yangu iliandikwa kwenye daftari: wakati wa zoezi yasipite 4 kati ya 10, na kesho yake asubuhi goti liwe limerudi pale lilipokuwa. Likiamka limevimba au gumu kuliko jana, nilizidisha, napunguza nusu. Silali kitandani wiki nzima. Daftari hilo limenifundisha goti langu kuliko picha zote, kwa sababu kichwa husahau. Leo likiuma unadhani limeuma hivyo tangu mwaka jana.

Fimbo nayo. Mwezi mzima niliishika mkono wa kulia, upande wa goti bovu, kama ambavyo kila mtu hufikiri. Inatakiwa mkono wa upande wa mguu mzima, iende mbele pamoja na ule mbovu. Siku nilipobadilisha nilihisi uzito ukiondoka hapo hapo. Na ngazi: kupanda anza na mguu mzima, kushuka anza na mbovu.

Nilipungua kilo 6 pia, polepole. Wanaotuhubiria uzito huwa wanatuaibisha tu bila kutueleza sababu, nami sababu ndiyo iliyonisaidia: kila kilo unayoipunguza, goti hupunguziwa kama kilo 4 katika kila hatua. Zidisha kwa hatua za siku moja. Siku za goti kuvimba sikuacha kujongea. Nilipanda baiskeli, tandiko limeinuliwa ili goti lisikunjike sana.

Lakini tafadhali, usichukue vitabu vyangu kama hujui unaumwa nini. Binamu yangu alianza kuumwa vidole vya mikono yote miwili, ugumu wa asubuhi unapita saa nzima, anachoka kama mwenye homa. Watu wakamwambia afanye mazoezi kama mimi. Ilikuwa baridi yabisi, kinga ya mwili ikishambulia viungo vyenyewe, na inataka dawa za kuituliza mapema kabla viungo havijaharibika. Miezi aliyoipoteza akifuata ushauri wa jirani inaniuma mimi. Na goti likiwa jekundu, la moto, na una homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Huko si kusagika.

Shangazi alikuja kunitembelea akanikuta nimechuchumaa nikifunga kamba za viatu. Akashika mdomo. Nikamkalisha kwenye kile kiti, na kwa sababu yeye naye magoti yanamsumbua, nikamwekea vitabu sita. Alisimama mara tatu, nimemshika kiwiko. Wiki iliyopita alinipigia simu kuniambia amefika mara 9.

Kwangu kitabu kimoja kimebaki chini ya kiti. Kuna asubuhi goti huamka gumu. Nakirudisha juu, nafanya mara 10 polepole, na siku mbili baadaye nakitoa.