Anayepokea kapimwa, anayetuma je?

Jioni hii nimeirudia makala ya wachumi Tavneet Suri na William Jack iliyotoka katika jarida la Science, Desemba 2016. Ndiyo ile inayotajwa kila mtu akitaka kuisifia M-Pesa: kaya 194,000 za Kenya, yaani asilimia 2, zimetoka katika ufukara, na wanawake 185,000 wameacha kilimo cha kujikimu wakashika biashara.

Wengi huishia kwenye tarakimu hizo. Mimi nimeipenda zaidi njia yao. Hawakulinganisha tu mwenye akaunti na asiye nayo, maana mwenye nacho ndiye hujisajili mapema. Walitazama mawakala wa M-Pesa waliongezeka kiasi gani karibu na nyumba, ndani ya kilomita moja, kati ya 2008 na 2010, kisha wakaangalia hali ya kaya hizo mwaka 2014. Kile kibanda cha wakala, na daftari lake lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, kikageuka kipimo cha kitaalamu!

Katika makala yao ya 2014 walikuwa wameonyesha kwamba kaya isiyotumia huduma hiyo ikipatwa na janga, matumizi yake hushuka kwa asilimia 7. Inayotumia haitikisiki, kwa kuwa msaada huifikia kutoka kwa watu wengi zaidi, hata walio mbali.

Watu hao ndio kina sisi. "Mwanangu, hujambo? Shangazi yako nimekwama. Usisahau na ya kutolea." Zamani hela zilingoja mtu anayesafiri kwenda nyumbani, nawe ukapata siku mbili tatu za kujipanga. Sasa shangazi anajua mshahara umeingia na wakala yuko hatua chache kutoka mlangoni pake. Utasema nini?

Mwaka 2019 mtafiti Milford Bateman na wenzake waliwapinga Suri na Jack, wakilalamika kwamba biashara zinazokufa na madeni vimeachwa nje ya hesabu. Wana hoja, ingawa ukali wao umezidi kidogo. Ila hata wao macho yao yako kijijini, kwa anayepokea.

Kwa hiyo tasnifu yangu itawafuata watumaji, nianze na wazaliwa wa kwanza wenye ajira mjini. Swali la mwanzo nimeshaliandika: mara ya mwisho kutuma nyumbani, hela zilikuwa zako au ulikopa? Msimamizi wangu ataniuliza nani atakubali kulijibu mbele ya mkewe.