Tuliwasha mshumaa mmoja tu

Ukiondoa Jumapili yenyewe, Majilio, yaani yale majuma ya kungoja Krismasi, kwa mwanafunzi wa shule yetu ni ya siku tano. Mwaka 2024 Dominika ya kwanza iliangukia tarehe 1 Desemba, sisi tukafunga shule Ijumaa tarehe 6. Na siku hizo tano hazina nafasi. Kuna ripoti za kusaini, vitabu vya kurudisha stoo, magodoro ya bweni ya kuanika kabla mvua ya vuli haijarudi saa nane mchana, na mzazi aliyesimama kwa mhasibu anaapa kwamba ada alishalipa, risiti tu ndiyo haioni. Darasa la saba hawapo, walifanya mtihani wao Septemba wakaondoka. Shule isiyo na darasa la saba ni kama nyumba iliyoozesha mabinti wote kwa mkupuo: kelele zipo, wa kumtuma hayupo.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tano na mlezi wa Utoto Mtakatifu, shirika la watoto Wakatoliki. Shule ni ya masista, iko mteremkoni mwa Kilimanjaro, ukipandia kutokea Himo. Kwetu ni Peramiho, Ruvuma. Nalisema hilo mapema kwa sababu ugeni wangu ndio ulioniingiza matatani.

Mambo yalianzia kwenye kikao cha Novemba. Kamati ya wazazi ilikuja na mpango uliokamilika: sherehe ya kufunga shule iwe ya Krismasi, mchango wa elfu ishirini kwa kila mtoto, spika kubwa, keki, igizo la pangoni, na Baba Krismasi mwenye ndevu za pamba. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Watoto wanatawanyika, wengine Dar, wengine Arusha, na tarehe 25 hawatakuwa pamoja. Basi wapewe Krismasi yao wakingali pamoja.

Sista mwalimu mkuu aliwasikiliza hadi mwisho, akafunga daftari lake. Lilitoa mlio.

“Mtoto wa Maria hazaliwi tarehe sita,” akasema. “Tarehe sita mama yake bado ni mjamzito.”

Baba mmoja wa nyuma alicheka. Mwenyekiti wa kamati hakucheka. Kisha Sista akanigeukia mimi, kama mtu anayemtuma mtoto chumvi dukani: “Mwalimu atatuandalia Majilio.”

Niseme ukweli, kimoyomoyo nilikuwa upande wa wazazi. Majilio utayaandaaje? Krismasi ina keki, ina pango, ina nyimbo. Majilio ni kungoja, na padre hata wimbo wa Utukufu haimbi. Utawaambia nini watoto mia tatu wa shule ya msingi, kaeni mngoje?

Mwisho nikaamua kushika kitu kimoja, shada la Majilio: pete ya majani yenye mishumaa minne, mmoja wa kila Jumapili. Kulizunguka hilo ningepanga sala ya jioni kila siku, robo saa, basi. Mchango ukashushwa hadi elfu tano, ukawa wa pilau ya Ijumaa. Hilo halikuwa na ubishi. Sijaona mtu anayegombana na pilau kwa sababu ya liturujia.

Mwalimu wetu wa hisabati ni Mlutheri, mtu wa Machame, na aliposikia neno shada alinicheka waziwazi. “Hilo mmelikopa kwetu, mwalimu. Rudisheni na riba.” Sikumwamini, lakini ni kweli. Mwanateolojia wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, alikuwa na kituo cha kulea watoto maskini huko Hamburg, Ujerumani. Inasimuliwa kwamba watoto walimchosha kwa swali moja kila siku, Krismasi ni lini? Mwaka 1839 akachukua gurudumu la mkokoteni akapanga juu yake mishumaa, midogo kwa siku za kawaida na minne mikubwa kwa Jumapili, wakawa wanawasha mmoja kila siku na kuhesabu wenyewe. Mwenzangu, kwa kuwa ni mtu wa namba, alipiga hesabu kwenye ukingo wa gazeti akagundua kwamba mwaka ule Majilio yalianza tarehe 1 Desemba, kama ya kwetu. Mishumaa 24 kamili, ishirini midogo na minne mikubwa. Alifurahi kana kwamba amegundua deni jingine.

Habari hiyo ilinisaidia kuliko vitabu vyangu vyote vya katekesi. Watoto wa Hamburg hawakuambiwa wakae wangoje. Walipewa kitu cha kuhesabia.

Sasa mishumaa. Tunahitaji mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi, ule wa Dominika ya tatu, ya furaha. Nilizunguka Moshi mjini Jumamosi nzima nikakuta myeupe, myekundu, na mmoja wa dhahabu wenye umbo la namba 5 kwa ajili ya keki. Kuna mwalimu aliyependekeza tuchote hela kwenye kibubu cha Utoto Mtakatifu tuagize Dar. Nilikataa. Kibubu kile ni cha watoto kusaidia watoto, ndivyo lilivyo shirika lenyewe tangu Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy alipolianzisha Ufaransa mwaka 1843, na kwetu hufunguliwa kwa sikukuu ya Watoto Mashahidi, tarehe 28 Desemba. Nikigusa shilingi mle, watoto wataniona mwizi, na watakuwa na haki.

Nikanunua mishumaa mikubwa myeupe, nikakusanya vipande vya kreyoni za zambarau na waridi madarasani, nikaenda jikoni. Niliyeyusha kila kitu pamoja kwenye kopo la maziwa lililokaa ndani ya sufuria ya maji, nikamimina kwenye mabomba ya plastiki niliyoyapaka mafuta. Ilitoka mizuri ajabu. Usiku nikaujaribu mmoja: ukawaka dakika mbili, ukatoa moshi, ukazima. Nikawasha tena, ukazima tena. Rangi ya kreyoni imeziba utambi.

Mama wa jikoni alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. “Mwalimu, kwani unataka rangi ndani au nje?”

Nje, bila shaka. Tulichukua mishumaa mingine myeupe tukaichovya tu kwenye nta yenye rangi, mara tatu, tukiacha ipoe kila mara. Ndani imebaki nyeupe na utambi wake safi. Kwa bahati mbaya myeupe ilinitosha mitatu tu, hivyo mmoja wa zambarau ukabaki ule wa mchanganyiko wa kwanza. Nikaupanga uwe wa pili, kwa hesabu kwamba Dominika ya pili shule itakuwa imeshafungwa.

Majani ndiyo yaliyoniumbua. Jumamosi jioni niliwatuma wavulana wanne wa darasa la tano wakatafute kijani cha shada. Ua wa shule ulikuwa umetoka kupunguzwa, hakuna tawi la maana, nao wakarudi na mzigo wa majani marefu yanayong'aa. Mazuri mno. Nikawapongeza.

Mlinzi wetu, mzee tunayemwita Meku, aliuona ule mzigo akavua kofia. “Mwalimu, mmekata masale. Mmeyakata wapi?”

Walikuwa wameyakata kwenye mpaka wa shule na kihamba, shamba la nyumbani, cha bibi jirani. Kwa Mchagga, sale ndilo alama ya mpaka, ndilo hupandwa kaburini, na ndilo hubebwa mtu anapokwenda kuomba msamaha. Ukiletewa sale, hata kama umekosewa vibaya, kukataa ni vigumu. Mimi, mtu wa Peramiho, nilikuwa nimewapongeza watoto kwa kung'oa mpaka wa mtu.

“Sasa nifanyeje, Meku?”

“Nenda na hilo hilo ulilokata.”

Nilikwenda gizani na jani moja mkononi na wavulana wanne nyuma. Bibi alikuwa ameketi barazani, na alikuwa ameshajua, kwa sababu milimani habari hutembea kuliko bodaboda. Nikamwamkia, nikampa jani kwa mikono miwili kama Meku alivyonielekeza, nikasema tulichofanya bila kuongeza neno. Alilitazama jani, akatutazama sisi, akauliza mmoja wa wavulana ni mjukuu wa nani. Kisha akaliweka mapajani.

“Ya mpaka yaacheni yalivyo, yatachipua. Ya kupamba njooni mchukue kihambani, nyuma ya banda la ng'ombe. Lakini mwalimu, ukiyaweka mbele ya altare, waambie watoto ni ya nini. Si maua.”

Hapo ndipo mpango wangu wa robo saa ulipobadilika. Jumatatu jioni, shada likiwa na mshumaa mmoja unaowaka na pete tupu ya waya, niliwasimulia shule nzima habari ya mpaka, pamoja na aibu yangu, ambayo waliipenda kuliko sehemu nyingine yoyote. Nikaweka ndoo ya masale mlangoni. Nikasema shada litajazwa hivi: mwenye jambo na mwenzake achukue jani, ampelekee, na aliyepelekewa ndiye atakayelileta kusukwa. Hakuna anayelazimishwa, na hakuna atakayeulizwa ni jambo gani.

Jumatatu yalisukwa majani mawili. Nilidhani nimeshindwa. Jumanne wavulana wawili wa darasa la sita, ambao tangu Agosti walikuwa hawakai meza moja kwa sababu ya mkebe wa hesabu uliopotea, walikuja wameshika jani moja, kila mmoja upande wake, na mkebe haukutajwa. Baada ya hapo ndoo ikawa haitoshi. Binti mmoja wa Kiislamu wa darasa la nne aliniuliza kama na yeye anaruhusiwa. Nikamwambia muulize Bibi, majani ni ya kwake. Akaenda kweli kumuuliza, akarudi na majani kumi. Wapo pia waliofanya mchezo, watoto ni watoto. Nilimkamata mmoja akimkanyaga mwenzake mguu makusudi ili apate sababu ya kumpelekea jani.

Alhamisi shada lilikuwa nene kama ngata ya kubebea mkungu wa ndizi.

Ijumaa wazazi walijaa. Pilau ilikuwa imeiva, ripoti zimepangwa kwa darasa, jua limetoka. Kabla ya sala mwenyekiti wa kamati alinivuta pembeni. “Mwalimu, leo ndiyo mwisho. Hawa watoto hawatauona tena ukiwaka. Washa yote minne, wapige picha, waende.”

Nilitazama uwanja mzima, simu zimeshainuliwa. Lilikuwa ombi la kawaida, na kiberiti kilikuwa mfukoni mwangu. Nikamwambia, “Mzee, wamehesabu moja wiki nzima. Nikiwasha minne leo nitakuwa nimewadanganya hesabu.” Hakuridhika. Nilipoinua kichwa nikamwona Sista anakuja kutoka ofisini, na mkononi ana sale.

Akampa mwenyekiti mbele yangu. “Ni kwa vile nilivyofunga daftari,” akasema.

Yule baba alisimama na lile jani muda mrefu kidogo, hajui pa kuliweka. Akaenda kulichomeka kwenye shada mwenyewe, akarudi akapiga picha ya mshumaa mmoja. Baadaye, kwenye pilau, nilimsikia akimwambia mtu kwamba spika bado ingekuwa wazo zuri.

Saa kumi uwanja ulikuwa mtupu. Bweni letu ni la madarasa ya juu tu tangu Serikali ilipozuia mwaka 2023 bweni kwa watoto wa darasa la nne kushuka chini, kwa hiyo halichukui muda kuisha. Walibaki wawili, kaka wa darasa la sita na dada yake wa tano. Baba yao alikuwa apande kutoka Dar siku hiyo, na kila aliyewahi kwenda Kilimanjaro Desemba anajua habari za mabasi. Jumamosi akapiga simu kwamba hajapata kiti. Jumapili akapiga tena.

Jioni ya Dominika ya pili tulikaa watu sita kwenye kikanisa cha shule: watoto wawili, matroni, Meku, Sista na mimi. Masale yalikuwa bado mabichi. Dada mtu akawasha wa kwanza, kaka yake akawasha wa pili, ukawaka kidogo, ukatoa moshi, ukazima. Akauwasha tena. Nilijua mshumaa ule nikanyamaza. Mara ya tatu Meku alinyanyuka, akatoa kisu chake kidogo, akachimba nta kuuzunguka utambi kwa subira kama mtu anayemtoa mtoto mwiba, akaupuliza vumbi, akamrudishia kijana kiberiti. Ukashika. Ulikuwa mdogo na ulikuwa unarukaruka, lakini ulikaa hadi tukamaliza fungu la rozari.

Baba yao alifika Jumatatu asubuhi, siku ya Uhuru, amelala barabarani na macho mekundu. Nilimfungia dada mtu ule wa waridi kwenye gazeti, nikamwambia ni wa Jumapili inayokuja, si kabla. Akaniuliza kama wa nne nao atapewa. Nikasema wa nne unabaki hapa kwenye shada, atauona Januari.

Hakuuona. Mama wa jikoni aliutumia umeme ulipokatika.