Kilomita 188 za Upepo: Tabora hadi Urambo na Kurudi

Barabara ya lami kutoka Tabora mjini hadi Urambo ina urefu wa kilomita 94: kilomita 42 za kufika Ndono, na 52 nyingine kutoka Ndono hadi Urambo. Kwa basi ni safari ya kusinzia kidogo na kuamka. Kwa baiskeli, ukitakiwa kwenda na kurudi siku hiyohiyo, ni kilomita 188, na katika mbio za ridhaa za mkoa wetu sijaona njia inayompima mwendeshaji kwa haki kuliko hii. Haina milima. Uwanda wa Unyamwezi uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na kati ya miji hii miwili ardhi hupanda na kushuka taratibu kiasi kwamba aliye ndani ya gari hawezi kutambua. Kinachoitawala njia hii ni upepo.

Katika miezi ya kiangazi upepo wetu huvuma kutoka mashariki na kusini-mashariki. Alfajiri huwa umetulia, kwa sababu usiku hewa iliyo karibu na ardhi hupoa na kutuama, huku upepo wenye nguvu ukibaki juu. Jua likishapasha ardhi moto, hewa ya chini hupanda, ya juu hushuka, na ule upepo wa juu unatufikia barabarani. Kuanzia saa nne asubuhi umeshaamka. Sasa Urambo iko magharibi ya Tabora. Kwa hiyo asubuhi unakwenda na upepo mwepesi unaokusukuma mgongoni, na unageuza kurudi saa ileile ambayo umepata nguvu zake zote na unakupiga usoni kutoka mkono wa kulia. Anayepanga mbio zake bila kuikumbuka hesabu hii atafika Urambo akiwa na furaha kubwa, na Usoke, iliyo kati ya Urambo na Ndono, ataiona ndefu.

Mbio za Julai ambazo nilishiriki zilianza saa moja asubuhi, jua likichomoza nyuma yetu. Tabora ya Julai ina baridi ya kweli asubuhi, na wengi tulikuwa tumevaa mikononi soksi ndefu zilizokatwa vidole, ambazo mtu anaweza kuzivua bila kusimama joto likianza. Walikuwepo walimu, wauguzi, askari, wanafunzi na mafundi. Walikuwepo pia wanaume ambao baiskeli ndiyo kazi yao: wasafirishaji wa mkaa, wa maziwa na wa abiria. Baiskeli nazo zilikuwa za aina mbili. Kulikuwa na zile nyembamba za gia nyingi, karibu zote za mtumba, na kulikuwa na Phoenix za chuma zenye gia moja, uzito wake ukikaribia kilo 20, ambazo wenyewe walikuwa wamezivua keria na madigadi ili kuzipunguzia mzigo.

Kuelekea Urambo hakukuwa na mengi. Kundi la mbele liliondoka kwa mwendo wa karibu kilomita 40 kwa saa, na watu wa Phoenix waliachwa kabla hatujafika Ilolangulu. Hilo halikutokana na udhaifu wa miguu yao. Gia moja ina kikomo chake: ukishafika kilomita 30 na kitu kwa saa, miguu inazunguka haraka kiasi kwamba pedali hazina tena kitu cha kusukuma, hata upepo ukisaidia. Mimi nilikuwa katika kundi la pili, ambalo lilikubaliana mapema kutokuvuka kilomita 34 kwa saa kabla ya Urambo. Vijijini watu walitoka kutuamkia, "Mwangaluka!", nasi tukaitikia bila kuachia usukani.

Kabla sijafika kwenye safari ya kurudi, niseme juu ya chakula, kwa kuwa watu wengi zaidi huishia hapo kuliko kwenye upepo. Mwili wa mtu mzima huhifadhi kwenye misuli na ini wanga wa kiasi cha gramu 400 hadi 500. Kwa mwendo wa mashindano, akiba hiyo inaweza kuisha ndani ya saa mbili au tatu, na ikiisha, mwendeshaji hukatika ghafla: macho yanatia giza, mikono inatetemeka, na mtu aliyekuwa anaongoza kundi anashuka na kukaa chini ya mwembe. Mafuta ya mwili yapo mengi, lakini huchomwa polepole mno kwa kazi ya haraka. Kwa hiyo ni lazima kula ukiwa juu ya baiskeli, tena uanze mapema, kwenye nusu saa ya kwanza, njaa ikiwa bado haijabisha hodi. Wataalamu wa lishe ya michezo wanashauri gramu 60 za wanga kwa saa katika mazoezi ya muda mrefu, na kufikia 90 kwa anayechanganya sukari za aina mbili, glukosi na fruktosi, kwa sababu kila moja hupita katika mlango wake kwenye utumbo na haisubiri nyenzake.

Hapo ndipo sisi wa Tabora tulipobarikiwa. Asali ya miombo, inayorinwa kwenye mizinga huko Sikonge, Uyui na Urambo kwenyewe, ina glukosi na fruktosi kwa pamoja tangu kwa nyuki. Vijiko vinne vya chakula katika lita moja ya maji vinakupa gramu 60 na ushei za sukari. Ongeza robo kijiko cha chai cha chumvi na limau moja lililokamuliwa, tikisa mpaka asali isionekane tena chini ya chupa, na hicho ni kinywaji cha saa nzima. Mfukoni mwa nyuma mimi huweka matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Viazi hivi vimeshachemshwa kabla ya kukaushwa, kwa hiyo ukiweka kipande shavuni na kukiacha kilainike kwa mate, unaweza kukitafuna kidogokidogo kwa kilomita tatu bila kupoteza pumzi. Ndizi mbivu ni nzuri pia, ila mfukoni haivumilii joto la saa tano. Natamani mno vijana wetu, wanaotumia fedha nyingi kununua vijiuji vya pakiti kutoka nje, wajaribu kwanza kilichopo jikoni kwa mama zao.

Tuligeuza Urambo saa nne kasoro, na upepo ulikuwa unatusubiri. Kwenye njia tambarare, ukishavuka kilomita 30 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu za miguu huliwa na hewa. Mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne, na nguvu unayotakiwa kuitoa huongezeka mara nane. Upepo wa mbele huingia katika hesabu hiyohiyo, kwa kuwa mwili haubagui hewa unayoiendea na hewa inayokuijia. Anayekaa nyuma ya mwenzake, tairi lake la mbele likiwa karibu na la nyuma la mwenzake, anaweza kuokoa robo hadi theluthi ya nguvu zake. Ndiyo maana watu kumi wanaopokezana vizuri humfikia mtu mmoja hodari, hata awe hodari kiasi gani.

Upepo unaotoka mbele kulia una jambo lake la ziada. Kinga haiko tena nyuma kabisa ya mwenzako; imehamia nyuma yake, upande wa kushoto. Kwa hiyo waendeshaji hujipanga mshazari: wa kwanza karibu na mstari wa katikati ya barabara, wa pili nyuma yake kidogo na kushoto kidogo, wa tatu vivyo hivyo, mpaka lami iishe. Barabara yetu haifungwi siku ya mashindano, malori na mabasi yanapita, na tunatakiwa kubaki kwenye upande wetu wa kushoto. Upande huo unatosha watu watano au sita. Wa saba anajikuta kwenye ukingo, tairi likigusa changarawe, hana kinga yoyote, na baada ya dakika chache anaachwa. Dawa yake si kung'ang'ania ukingo. Wale waliokosa nafasi waanzishe mshazari wa pili nyuma ya ule wa kwanza.

Hayo nayaandika kwa utulivu leo, lakini tulipopita Usoke kundi letu lilikuwa limeshasambaratika, kila mmoja akiinamia usukani wake. Kati ya Usoke na Ndono tukasikia nyuma yetu mlio wa cheni zilizokauka mafuta. Walikuwa watu wa Phoenix, saba au wanane, mkao wao wima kabisa, mwendo wao kilomita 25 kwa saa bila kuongeza wala kupunguza. Huo ndio mwendo ambao gia yao moja iliumbwa kwa ajili yake. Mbele yao alikuwa mzee mmoja wa Ipuli, aliyeleta mkaa mjini kwa baiskeli kwa miaka mingi.

"Shikamoo, mzee," alisema mwalimu kijana aliyekuwa kando yangu, huku anahema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona mnapigana na upepo kila mtu kivyake? Njooni huku kushoto kwangu, tupokezane."

Tukaingia. Mzee alitupanga kwa mkono, bila kugeuza kichwa: wa mbele akishamaliza zamu yake anatokea kulia, upande unakotoka upepo, anapunguza kidogo, na kushuka hadi mwisho wa mshazari wakati anayefuata anasogea kuchukua nafasi yake. Zamu zilikuwa fupi, chini ya dakika moja, na hakuna aliyeruhusiwa kuongeza mwendo alipofika mbele, kwa sababu anayeongeza huwachana wa nyuma. Wabeba mkaa wanaujua upepo huu kuliko yeyote kati yetu. Wao huupokea wakiwa na magunia yaliyopanda juu ya kichwa, na ndiyo maana wengi huondoka porini usiku ili waingie mjini kabla haujaamka.

Karibu na Ndono mwalimu alipata pancha. Miiba si tatizo kubwa kwenye lami. Tatizo ni vipande vya waya mwembamba vinavyobaki barabarani matairi ya malori yanapopasuka. Alitoa mpira wa ndani, akaupampu kidogo na kuupitisha karibu na shavu mpaka akaisikia hewa, kisha akapapasa ndani ya tairi kwa kitambaa. Kitambaa kilinasa. Waya wenyewe ulitoka kwa koleo, na hapo tu ndipo alipoweka mpira mpya, maana ukiuacha waya utatoboa tena kabla ya kilomita moja. Kundi lilimsubiri kwa kupunguza mwendo, uamuzi wa mzee, na alitufikia.

Njiani tuliwakuta watu watano wa lile kundi la mbele, mmoja baada ya mwingine. Watatu waliweza kuungana nasi. Tuliingia mjini pamoja saa nane kasoro, na kwa matokeo rasmi mzee yule aliandikwa katikati ya orodha, hana zawadi, kwa kuwa zawadi zilihesabiwa kwa wote bila kujali aina ya baiskeli.

Jambo hilo ndilo ninalotaka waandaaji walitazame. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa katika bara la Afrika, katika nchi ambayo mbio zake za baiskeli za kuizunguka nchi, Tour du Rwanda, zilikimbiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1988. Majirani zetu walianza kwa kuwapa nafasi watu waliokuwa tayari wanaishi juu ya baiskeli. Sisi watu hao tunao kila asubuhi kwenye barabara ya Urambo. Baiskeli za gia moja zipewe daraja lake, zawadi zake, na zianze nusu saa mapema ili wapate Urambo kabla ya saa nne. Wanawake nao wapewe daraja lao kamili. Na maji yasiwe Ndono peke yake; Usoke ndiko yanakohitajika zaidi, hasa wakati wa kurudi.

Kwa anayetaka kushiriki Julai ijayo, tunafanya mazoezi kila Jumamosi kwenye barabara ya Sikonge, tukianza saa moja asubuhi. Njoo na mpira wa akiba, pampu, na chupa mbili zilizojaa. Baiskeli ya aina yoyote inakubalika, na mshazari tutakufundisha palepale.