Kware wa mama mkwe

Kwetu Tanga mkwe wa kiume haingii jikoni kwa mama mkwe wake. Anakaa sebuleni, analetewa. Hapa kijijini, karibu na Xàtiva katika jimbo la Valencia, Hispania, Jumapili yangu ya kwanza nilikabidhiwa kisu na viazi hata koti sijavua.

Kulikuwa na arròs al forn, wali wa kuoka. Paella kila mgeni anaijua. Huu ni wali wa nyumbani, wa kesho yake, maana unapikwa kwa supu iliyobaki kwenye mchemsho wa nyama na dengu wa jana. Mchele unakaangwa kidogo kwa mafuta ya zeituni, unamiminwa kwenye bakuli pana la udongo, juu vinapangwa viazi na vipande vya nyanya, katikati kichwa kizima cha kitunguu saumu, kisha unaingia oveni. Zamani nyumba nyingi hazikuwa na oveni, basi wanawake walibeba mabakuli yao hadi kwa mwoka mikate. Ndiyo maana wengine huuita arròs passejat, wali uliotembezwa.

Tatizo lilikuwa nguruwe. Humo huwa kuna mbavu na soseji nyeusi ya damu. Mke wangu alikuwa ameshamwambia mama yake, nami nilijiandaa kula mkate na saladi. Mama mkwe akatoa bakuli la pili lisilo na nyama hata chembe: dengu na maji yake, zabibu, viazi, na kile kitunguu saumu katikati. Akakigusa kwa kijiko. "Perdiu," akasema. Kware! Ndivyo wazee walivyokiita siku za Kwaresima, nyama ilipokatazwa, au miaka ambayo nyama haikuwepo kabisa. Ulikuwa wali wa marehemu mama yake, na miaka mingi ilikuwa imepita hajaupika. Alirudi nyuma hadi utotoni mwake, akakuta chakula kilichonifaa tangu sijazaliwa. Na zabibu kwenye wali, mtu wa pwani atazishangaa vipi?

Siku hizi nyumbani kwangu unatiwa bizari nyembamba na iliki, na mwanangu anauita wali wa iaia, yaani wa bibi. Mwaka jana nikamweleza mama Tanga kwa simu. Hana oveni. "Si kupalia tu huko?" akaniuliza. Jioni zikaja picha mbili: sufuria ina makaa chini na makaa juu ya mfuniko, ya pili, mfuniko umefunuliwa, kware yuko katikati, kahawia kabisa.

Mama mkwe alivaa miwani, akaitazama ile ya kwanza muda mrefu kuliko ya pili. Akasema upande wa Elche, wanakofunika wali kwa mayai, zamani walitumia mfuniko wa chuma wenye makaa juu, vilevile. Halafu akanituma nimuulize mama makaa ya juu huyapunguza lini.