Miaka 19 ya funguo za stoo

Nilitunza stoo ya vipuri kwenye kampuni moja Barabara ya Nyerere kwa miaka 19. Daladala ya alfajiri kutoka Gongo la Mboto, mimi wa kwanza getini, funguo kiunoni. Barua ya kupunguzwa kazi ilikuwa na ukurasa mmoja.

Wenzangu waliniambia, "Kaka, tulia, bosi anakujua, atakuita." Ushauri huo bado unaniuma. Nilitulia wiki mbili, kisha nikaenda mwenyewe kumwona. Mlinzi, kijana niliyekunywa naye chai miaka yote, alinisogezea daftari la wageni huku ameinamisha macho. Nikaandika jina langu. Kwenye "unatoka wapi" nilishindwa kuandika. Nilikaa kwenye benchi mpaka saa tisa. Gari la bosi likatoka, vioo vimepandishwa.

Jirani yangu, aliyewahi kuwa kwenye chama cha wafanyakazi, ndiye aliyenishtua: mgogoro wa kuachishwa kazi unafikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Zangu zilikuwa zimeshakwenda 22! Kesho yake nikajaza fomu.

Kilichoniokoa ni mkebe wa maziwa ya unga. Kila bosi alipoahirisha likizo yangu, nilimwomba aandike kwa mkono wake kwenye fomu ya likizo, "asubiri, tunahesabu mali", atie saini, nami natoa kopi na kuiweka mkebeni. Mbele ya msuluhishi, mtu wa rasilimali watu akasema likizo zote nilikwenda. Nikafungua mkebe, nikazipanga fomu mezani moja moja, taratibu. Ya nne haijagusa meza, akaomba atoke apige simu.

Tulikubaliana: notisi, likizo, kiinua mgongo. Ila sheria inadai mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, na mwisho ni miaka 10. Siku 70 basi. Miaka yangu 9 haikuhesabiwa popote, na hilo limenikaa kifuani kuliko ile barua. Vijana walioingia baada yangu wako kwa wakala, mikataba ya miezi miezi. Nawaambia watunze kila karatasi.

Sasa naandika leja za maduka mawili ya vipuri Gerezani, nalipwa kwa wiki. Jumamosi iliyopita tajiri mmoja aliniomba nibaki usiku tuhesabu mali. Nikamuuliza kwanza masaa hayo analipa ngapi. Akataja, akaandika kwenye daftari, nikabaki.