Siku tuliyochinja jogoo

Mama alimeza dawa zake za mwisho za TB Jumatano moja ya mwezi wa saba, na jioni yake tukachinja jogoo. Alikuwa amemaliza miezi sita: miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili, kila asubuhi kabla ya chai, na mkojo wa rangi ya chungwa uliomtisha wiki ya kwanza mpaka nesi alipomtoa hofu. Majirani walikuja, wakampa hongera. Wiki tatu baadaye, usiku wa manane, damu ilimtoka puani ikaloanisha kanga mbili.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu. Leo naliandika kwa ajili ya yeyote anayeuguza mzazi mwenye magonjwa mawili kwa wakati mmoja.

Mama ana valvu ya moyo iliyosinyaa. Utotoni, huko kijijini, alikuwa akiugua koo mara kwa mara, kisha magoti yakavimba. Daktari wa moyo alitueleza kuwa huenda ndipo ilipoanzia: mwili ukipambana na bakteria wa kooni unaweza kuzishambulia hata valvu zake wenyewe. Sasa mapigo yake yanakwenda bila mpangilio, damu inatuama moyoni, na damu iliyotuama huganda. Bonge likipanda kichwani ni kiharusi. Kwa hiyo anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila jioni saa moja.

Warfarini haina huruma kwa mtu asiye makini. Iliingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kutibu binadamu. Nilimwambia mama habari hiyo mara moja tu, akakirudisha kidonge mezani, na sikuirudia tena. Kipimo chake kinaitwa INR: kinaonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda. Mtu asiyetumia dawa hii huwa karibu na 1. Mama anatakiwa awe kati ya 2 na 3. Akishuka, bonge. Akipanda sana, damu. Kipimo hicho tunakifuata Mtwara mjini, kwa gari la alfajiri kutoka Newala, na kila jibu naliandika kwenye daftari la shule lenye jalada la bluu.

Kabla ya TB daftari linasema 2.4, kwa miligramu 5 kwa siku. Wiki ya tatu ya dawa za TB likasema 1.2. Nilidhani mama anaruka vidonge, nikamgombeza. Mpaka leo naona aibu kwa hilo. Kumbe mwenye kazi hiyo alikuwa rifampisini, mojawapo ya dawa za TB: inaliamsha ini livunjevunje warfarini haraka kuliko kawaida, kwa hiyo kidonge kilekile kinabaki na nguvu kidogo. Daktari akapandisha dozi polepole, tukipima kila wiki, hadi miligramu 12.5. Ndipo tukaiona 2.1.

Kisha TB ikapona, rifampisini ikaondoka, na miligramu 12.5 zikabaki palepale. Ini halikutulia siku hiyohiyo. Huchukua wiki kadhaa kurudi kwenye mwendo wake wa zamani, na kadiri linavyotulia ndivyo warfarini inavyolundikana. Kliniki ya TB ilifunga kadi yake kwa furaha. Kliniki ya moyo ilikuwa imempangia tarehe ya mbali. Hakuna aliyeziweka kadi hizo mbili pamoja, nami niliyekuwa nazo zote kwenye mfuko mmoja wa plastiki sikujua kwamba natakiwa kuuliza.

Dalili zilikuwepo. Fizi zilitoa damu alipotafuna ming'oko, na mkono ulivilia pale aliposhikia ndoo. Tulisema ni uzee. Na goti lilipomsumbua, jirani alimletea diklofenaki za dukani, ambazo kwa mtu wa warfarini zinaongeza hatari ya kutoka damu. Alikuwa amemeza mbili.

INR ilikuwa 7.8. Walimsimamisha warfarini, wakampa vitamini K, inayopunguza nguvu ya warfarini, wakamlaza siku nne. Nilikaa chini ya kitanda chake kwenye mkeka nikisikiliza anavyopumua.

Kaka yangu aliye Dar alipiga simu akitaka tuachane kabisa na dawa hii, tutumie zile mpya zisizohitaji kupimwa kila mara. Nilimwelewa, hata mimi nilitamani hivyo. Daktari akatueleza kuhusu utafiti uitwao INVICTUS wa mwaka 2022, uliohusu zaidi ya watu 4,500 wenye moyo kama wa mama. Waliopewa rivaroksabani, dawa mpya, walikufa wengi zaidi kuliko waliobaki kwenye dawa za kundi la warfarini, na hawa wa zamani hawakutokwa damu kuwazidi. Kaka alinyamaza. Kisha akasema, "Basi mdogo wangu, nauli za kupima nitatuma mimi."

Amekuwa akituma. Dozi tuliishusha hatua kwa hatua mpaka miligramu 5 zilezile. Kisamvu nacho kimerudi jikoni. Mwanzoni kuna mtu alimkataza mama mboga zote za majani kwa sababu ya vitamini K, akanyong'onyea. Mfamasia mmoja akatufundisha kwamba anaweza kula, ila kiasi kisipande na kushuka ovyo. Anakula bakuli dogo, Jumanne na Ijumaa, na nazi.

Mwezi uliopita alipata kikohozi, akaandikiwa antibayotiki. Kabla sijafungua mdomo, mama alitoa daftari la bluu kwenye mkoba wake, akalifungua mbele ya daktari. "Mwanangu, hii ikiingia," alimuuliza, "na ile ya saa moja itakuwaje? Na nikiimaliza?"

Tulipima baada ya siku tano. 2.6.