Jutho

Neno la kwanza la Kinepali nililofundishwa halikuwa namaste. Lilikuwa jutho, na nilifundishwa kwa aibu.

Ilikuwa Doha, saa saba mchana, jua la kupasua kichwa. Dai alikuwa ameweka chupa yake ya maji kivulini. (Dai ni kaka mkubwa; kwao Wanepali kumwita aliyekuzidi umri kwa jina tupu ni kukosa adabu.) Nikaichukua, nikapiga mafunda mawili, nikamrudishia na asante juu. Akaitazama, kisha akamwaga maji yote mchangani. "Jutho," akasema, wala hakukasirika.

Niliyekasirika ni mimi. Mtoto wa Tanga, nimelelewa kwenye sinia, mikono sita wali mmoja! Ikabidi nianze kumchunguza anavyokunywa: kichwa nyuma, chupa juu, maji yanaangukia kooni, midomo haigusi. Kumbe hata chupa yake mwenyewe haigusi. Kilichoguswa na mate ya mtu kimeshaharibika, na si uharibifu wa kuondoka kwa sabuni.

Nikatafuta Kiswahili chake. Makombo? Makombo huwa ni ya sahanini tu. Najisi? Hapo nimekaribia, ila najisi yetu ina hukumu zake. Halafu kuna prasad, chakula kilichokwisha kutolewa kwa mungu hekaluni. Ukikitazama sana ni masazo ya mungu, lakini hicho hupokelewa kama baraka na kuliwa papo hapo.

Baadaye baba yake akafariki, na safari ya nyumbani haikuwezekana. Nikaenda kumpa pole, nikanyoosha mkono. Akarudi nyuma hatua moja. "Jutho," akasema, safari hii akijionyesha kifuani.

Neno lilelile. Mtoto wa kiume akifiwa na mzazi hukaa na jutho siku 13. Alikuwa amenyoa kichwa, kaacha kishungi kisogoni. Hagusani na mtu. Anajipikia wali mwenyewe, mara moja kwa siku, wa samli, bila chumvi. Mimi matanga niyajuayo ni ya kujaziana nyumba, mfiwa hata usingizini haachwi peke yake. Yeye alikuwa na sufuria yake pembeni mwa jiko la kempu, sote tukimpisha.

Siku ya 14, jioni, aligonga mlango wangu na kisahani mkononi. Alikuja kuomba chumvi.